Sajini-Meja Aliporudi Nyumbani

Juzi binti yangu alinipitisha kwa gari barabara ya Litein kwenda Sotik, akaniuliza, "Mama, kwenu hasa kulikuwa wapi?" Nikamwambia asimamishe. Nilishuka nikatazama upande wa mtoni, nikaona chai tu, imekatwa sawasawa kama meza, kuanzia ukingo wa barabara mpaka macho yaliposhindwa. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kudondoka, ile ya kwetu isiyokosa siku wakati wa masika. Nikanyosha kidole mahali fulani ili mtoto aridhike. Wewe nitakuambia ukweli: sikujua ninaonyesha wapi.

Nililelewa na nyanya, mama yake baba, maana mama yangu alifariki nikiwa bado mgongoni. Kogo, ndivyo tunavyowaita nyanya kwetu, hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi aliniamsha kwa kunigusa mguu na ufagio. Kazi yangu ilikuwa kusugua vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa makaa ya mti, ndani kabisa, mpaka kiganja kiwe cheusi na nguo yangu yote inuke moshi. Baadaye nilikwenda kufukuza ndege kwenye shamba la wimbi. Jioni tulikula ugali wa wimbi, mwekundu na mzito, na maziwa yale yaliyolala kwenye kibuyu yakawa makali kidogo. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, hata hotelini Nairobi, na bado sijashiba kama nilivyoshiba pale sakafuni.

Baba nilimjua kwa livu, likizo zake za jeshi. Alikuwa askari wa mfalme, na mfalme hakumwachia mara kwa mara. Kila baada ya mavuno mawili hivi alitokea kilimani, mrefu, kifimbo kwapani, viatu vinang'aa hata kwenye tope. Alileta sukari, blanketi, na mkebe wa biskuti ambao kogo aliufanya wa kuwekea chumvi. Alikuwa mkali wa usafi. Alitupanga mstari, mimi na watoto wa jirani, akatukagua kucha. Maneno yangu ya kwanza ya Kiswahili yalikuwa amri: mguu sawa, mguu pande, geuka nyuma. Ukiniuliza maji au moto huitwaje kwa Kiswahili sikujua, lakini kugeuka nyuma niliweza.

Habari za kazi yake tulizipata vipande vipande, akiwa amekunywa chai na amefurahi. Aliingia wakati wa vita vile vikubwa vya kwanza, akiwa mbeba mizigo. Wenzake wengi walikufa kwa kuhara njiani, yeye akabaki, akapewa bunduki. Vita vilipokwisha hakutaka kurudi. Walimpeleka kaskazini, jangwani, mahali alikosema mbuzi wanakula mawe. Akawa koplo, akawa sajini, halafu sajini-meja. Juu ya hapo, alisema, mtu mweusi hapandi tena, ni dari. Maofisa walikuja vijana wadogo kutoka kwao Ulaya, hawajui kusoma nyayo wala kuokoa maji, na yeye ndiye aliyewafundisha huku akiwapigia saluti. Mmoja, luteni mwembamba mwenye masikio mekundu, aliugua homa jangwani, na baba akamlisha uji kwa kijiko siku sita. "Alikuwa analia kama mtoto," baba alisema. Hakusema kwa kumcheka.

Nilikuwa na miaka kama kumi aliporudi moja kwa moja. Kogo alijipaka mafuta, majirani wakaja na vibuyu. Baba alisimama uani na nishani zake tatu kifuani, akatuonyesha cheti cha kuachishwa kazi. Karani mmoja wa shamba la chai, mtu wa upande wa ziwani aliyekaa kwenye nyumba za laini za vibarua ng'ambo ya mto, alikuwepo kwa sababu alipenda mursik ya kogo kupita kiasi. Yeye ndiye aliyetusomea. "Mzee, hapa wameandika tabia yako ni njema sana," akasema. "Hakuna kitu ingine juu ya hiyo." Baba akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyelipwa.

Wiki haikuisha. Tulikuwa tunakwenda sokoni, mimi nyuma yake, askari wa boma la serikali akatusimamisha njiani. Alikuwa na ndevu mbili tatu tu kidevuni. "Kipande," akasema. Baba akamjibu kwamba yeye ni sajini-meja. "Sijauliza hiyo. Nimesema kipande." Baba akatoa kile cheti chake, yule akakigeuza huku na huku, hakujua kusoma, akamrudishia. Mwezi uleule baba alivaa kipande, kitambulisho cha kazi cha mtu mweusi, shingoni kwenye kile kikopo cha chuma, kama wanaume wengine wote. Alikificha ndani ya shati, lakini alipoinama kilining'inia nje na kugonga vifungo, na mimi niligeuza uso.

Kisha vikaja vile vyuma. Wazungu wawili na watu wa kushika minyororo ya kupimia walipita wakipima, wakachimbia vyuma ardhini, kimoja nyuma ya zizi letu. Shamba la chai lilikuwa linavuka mto. Barua ilipofika, karani aliisoma kwa sauti ndogo: tuhame kabla ya mvua za masika, ng'ombe na watu, twende upande wa chini. Kogo aliuliza ni nani aliyeandika. Karani akasema jina halipo, ni mhuri tu.

"Bwana mpya wa shamba ninamjua," baba akasema.

Ndiyo, alikuwa yule luteni. Ameacha jeshi, amepewa shamba. Baba alifurahi mpaka nikafurahi mimi. Alinyosha sare yake chini ya mkeka usiku mzima, na asubuhi tukavuka mto, mimi nimebeba kibuyu cha maziwa cha zawadi. Njiani niliwaza jinsi vile vyuma vitakavyong'olewa. Nilikuwa nimemwona baba akiwasimamisha watoto kumi kwa neno moja, na watu wazima walisema jeshini alisimamisha mia. Kwa akili yangu, hapakuwa na kitu duniani kisichosimama akikiambia kisimame.

Bwana wa shamba alitoka barazani, akakaza macho, halafu akacheka kwa sauti. "Sajini-meja!" Akashuka ngazi, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Masikio yake yalikuwa mekundu kweli. Aliniuliza jina langu. Akaagiza chai iletwe, na baba akainywa akiwa amesimama.

"Afande," baba akasema, "miaka yote sikuomba kitu."

"Hapana, hukuomba."

"Leo naomba. Nyumba ya mama yangu iko ndani ya vyuma."

Yule mzungu alitazama viatu vyake. Akasema mpaka ulichorwa Nairobi, si yeye aliyeuchora. Akasema angekuwa na uwezo angefanya. Nadhani alisema kweli. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa. Akatafuta neno jingine, akasema, "Unajua wewe mwenyewe, amri ni amri. Ulinifundisha wewe." Kisha akamwambia akitaka kazi ya unyapara, ipo, hata kesho.

Baba alikaza mwili, visigino vikagongana. "Ndiyo, afande."

Wakati wa kurudi nilimuuliza, "Baba, amekubali?"

Tulikuwa katikati ya mto, juu ya mawe. Alinipa mkono nivuke kwanza. "Amenikumbuka," akasema.

Masika yalipokaribia, majirani walihama mmoja mmoja, mlango ukitangulia, ng'ombe nyuma. Baba alibomoa ghala na zizi kwa mikono yake, akazipanga nguzo kwa urefu wake. Kogo hakutoka. Alikaa ndani kwenye ngozi yake. Baba alimwamuru kwa sauti ile ya uwanjani, kogo akamtazama tu. "Mimi si askari wako," akamwambia. Baba akaketi karibu naye chini. Mimi nilisimama mlangoni nikimwangalia mmoja kisha mwingine, nikingoja mkubwa yeyote aseme tufanye nini.

Siku ya tatu walikuja askari wa boma wanne, na mmoja amebeba mwenge wa nyasi. Baba alitoka amevaa nishani. Walipofika uani alipaza sauti: "Simama!"

Wakasimama. Nakuapia, wote wanne, miguu imebanana. Hata ng'ombe wa mwisho aliinua kichwa. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nikaona tumeshinda. Halafu kiongozi wao akapumua. "Mzee," akasema kwa upole, "kaa kando." Wakampita, wawili kulia, wawili kushoto, kama maji yanavyopita jiwe, naye akabaki amenyosha mkono.

Kogo akatoka mwenyewe. Hakumtazama mwenye moto. Alimwendea mwanawe, akaushusha ule mkono wake, akaushika. "Twende, mwanangu," akasema, kama anavyoambiwa mtoto aliyepotea sokoni. Nyasi za paa zilikuwa kavu. Zilishika mara moja.

Huko chini kogo aliishi mavuno mawili. Hakuugua. Alipunguza kula, kisha akaacha. Baba alichukua unyapara. Kila asubuhi niliisikia sauti yake ng'ambo, akiita majina ya vibarua, na watu walisifu mistari ya vikosi vyake jinsi ilivyonyooka. Nilikuwa nikizibua kibuyu cha maziwa ambayo hayakuwa matamu tena, maana majani ya huku yalikuwa mengine, na nilitamani anyamaze. Sikumwambia. Ningemwambia nini?

Watu wa zama zile wamekwisha: kogo, baba, karani aliyerudi ziwani na hakuandika. Vibuyu siku hizi vinauzwa kwa watalii. Lakini kinachoniuma zaidi ni kitu kidogo. Kile kilima chetu kilikuwa na jina, maana yake ni mahali ndama wanapolala. Shamba lilikipa nambari, saba. Mpaka anazeeka baba aliwapeleka watu kazini akisema, "Leo tunachuma saba," na hata nyumbani, hata kwangu, sikumsikia akilitaja jina lile tena. Mimi nalijua. Nimewafundisha wajukuu, wanalisema vibaya, wanacheka, wanarudi kwenye michezo yao, nami nabaki nalo mdomoni.