Kulia kwa Nani?

Binti yangu ndiye aliyeijibu ile kelele kwanza. Nilikuwa nimemfunga mkanda nyuma yangu, tunaelekea soko la Navakholo na mabunda ya nguo za watoto ninazouza. Kila tulipoingia shimoni, gari ilipiga ko-ko-ko chini ya miguu yangu, naye akaitikia, "Karibu!" Shimo lingine, ko-ko. "Karibu!" Alidhani kuna mgeni anabisha hodi.

Sikucheka. Siku chache kabla nilikuwa nimepita pikapu karibu na Ekero, imepiga goti katikati ya barabara, gurudumu la mbele limelala nje kama mguu wa kuku uliovunjika. Watu waliosimama pale walisema ilianza na kelele kidogo tu.

Nilipomwambia mume wangu, aliendesha hadi mwisho wa lami akarudi, redio ikiimba.

"Sisikii kitu. Wewe unasikianga vitu."

"Kwenye lami hailii. Ipeleke murram, kwa barabara ya udongo."

"Gari ni mzee, mama. Hata wewe ukizeeka magoti yatalia."

Nilimsumbua mpaka akampigia fundi wake, rafiki aliyekaa naye dawati moja tangu shule ya msingi. Nikanyakua simu nikasema mwenyewe: inalia mbele, kulia. Bila kuiona gari, jamaa akajibu, "Hiyo ni boljointi, shem. Kile kiungo kinashikanga gurudumu kwa chini. Reta gari."

Mtu akiniita shem kabla hajaniona, mkono wangu unashika mkoba wenyewe. Tena mume wangu akaniambia nibaki nyumbani, eti garaji si mahali pa mama na mtoto. Kwa nini? Kuna nini huko ambacho mama asione?

Jioni hiyo nilisema natafuta kiatu cha mtoto. Nikalala chini ya gari na tochi ya simu, nikapaka rangi yangu nyekundu ya kucha kwenye kila kiungo nilichokifikia nyuma ya gurudumu la kulia. Spea ikitoka, rangi itatoka nayo.

Kesho yake gari ilirudi imeoshwa. Hapo tu nilishuku zaidi. Gari inaoshwa ya nini kama kazi ilikuwa chini? "Boljointi mpya," mume wangu akasema, kifua mbele. Nikaitoa hadi njia ya mahindi nyuma ya nyumba. Ko-ko-ko.

"Karibu!" akasema mtoto.

Nilisimamisha gari, nikachungulia. Rangi yangu ilikuwa pale pale, inang'aa.

Sikumwuliza mtu. Niliendesha polepole hadi garaji, mtoto nyuma, mume wangu kando akiniuliza nina shida gani. Fundi alitoka akijipangusa mikono.

"Shem! Karibu."

"Wacha shem. Boljointi uliyobadilisha iko wapi?"

"Iko kwa gari. Haki ya mama."

"Basi lala chini uniambie hiyo nyekundu ni nini."

Alilala, akamulika, akatoka uso umejaa kicheko. "Kwani umepeleka gari saluni?" Wenzake wakacheka hadi mmoja akashika ukuta. Nilingoja wamalize.

"Mwizi," nikasema.

Kicheko kikakatika. Akaenda mbele ya gari, akasimama akiitazama usoni, akanyoosha mkono wake wa kulia. "Wewe ulisema kulia. Kulia ndiyo hii. Njoo uone." Kweli, upande wa abiria kulikuwa na boljointi mpya.

"Hiyo ni kulia kwa nani?"

"Kwangu."

"Na mimi nikiendesha naketinga juu ya boneti, nikikutazama?"

Mume wangu akaanza, "Sasa, ni kuchanganyikiwa tu..."

"Ngoja. Fundi, kabla hujatoa ile ya zamani, uliitikisa ukaona imelegea?"

Akainama kuokota spana.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nilitupa."

Eti alitupa spea nzima. Mpaka leo naangalia kila gari inayotoka garaji ile na kujiuliza ni ipi inatembea na boljointi yangu.

Nilimtoa mtoto garini, nikaketi naye juu ya tairi kuukuu. "Inua upande wa dereva. Nikiona." Akaweka jeki, akapitisha mtaimbo chini ya gurudumu, akainua kidogo. Gurudumu lilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Hakuna aliyesema saluni.

Mume wangu aliinama, akalishika mwenyewe, akalitikisa. Akanigeukia.

"Na umekuwa ukibeba mtoto na kitu kama hii?"

Niliogopa nikifungua mdomo nitaokota ule mtaimbo.

Sikuondoka pale hadi kiungo kipya kilipoingia upande wangu. Kile kilicholegea kikatoka na rangi yake ya kucha. Nikakifunga kwenye gazeti, nikakitia mkobani.

Siku ya soko niliingia murram ya Navakholo polepole. Shimo la kwanza. La pili. Nyuma yangu mtoto aliinua kichwa, akangoja.

"Hakuna mtu," akasema.

Nilizima redio, nikatafuta shimo kubwa zaidi.