Sikio la Des na Sarafu ya Keki

Noreen Tuckwell alizaliwa na kicheko mdomoni, lakini kile kidoa cheusi kwenye sikio la mumewe, Des, kilimkata raha. Hapa Queensland, Australia, jua halina mzaha. Wazee weupe wa klabu yetu ya kubingirisha matufe nyasini wote wameshakatwa kipande mahali, huyu pua, yule kipara. Na Des, mkulima wa miwa mstaafu, shati kwake lilikuwa vazi la mazishi.

Basi redioni wakatangaza: mjini kwetu, kwa kila watu elfu, wanaougua saratani ya ngozi wamepungua. Loo! Des alirukaruka jikoni kama mbuzi aliyekata kamba.

"Umesikia, mama? Jua limetubu! Kwa daktari siendi ng'o."

"Limetubu wapi, we mzee? Watu ndio wameongezeka!"

Ndivyo ilivyokuwa: wagonjwa walewale, wageni ndio waliofurika mjini. Akina Shibu, wauguzi kutoka Kerala, India, walijaa kazini hospitalini, Wafilipino machinjioni, vijana tupu, wa ngozi zisizoungua upesi. Lakini Des haambiliki, hasemezeki.

Krismasi ikafika, jua la utosi. Noreen akapika keki ya matunda ya klabu, safari hii kubwa maradufu kwa ajili ya wageni, akatia ndani zile sarafu za fedha za marehemu mama yake, za kumletea bahati atakayezipata, kama kila mwaka.

"Keki kama godoro, sarafu zilezile," Des akatamba. "Nani atazipata?" Akafakamia. Kacha!

"Mama yangu wee! Jino!"

Shibu alicheka mpaka akakaa chini. "Pole, mzee! Na sisi wageni tuliokuja kukupunguzia sarafu kwa kila kipande!"

Noreen hakucheka. "Keki imekuwa kubwa, Des. Sarafu imelainika? Akina Shibu wamekuja na ngozi zao, wewe umebaki na yako. Sitaki kukuzika kwa sababu ya redio!" Machozi yakamtoka mbele za watu.

Des akaitoa sarafu mdomoni, akaitazama. "Basi mama, usilie. Nipeleke."

Ilikuwa saratani kweli, ila haijazama. Daktari akaondoka na nusu ya sikio. Nje, Noreen akambusu lile zima, barabarani, mchana kweupe, akicheka kama msichana.

"Vaa kofia, mume wangu."

Akavaa. Ikateleza upande wa nusu sikio, ikamfunika jicho. Akairudisha, ikateleza tena. Wakacheka mpaka wakaegemea ukuta, na Des akaishikilia kwa mkono njia nzima hadi nyumbani.