Memori Iliyotoka Sirari

Harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya mashine hunirudisha Matongo, sebuleni kwetu, mbele ya kompyuta ya marehemu baba. Mama aliitumia kuchapa mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Humo ndimo zilimokuwa picha za baba. Mimi uso wake niliujua humo tu.

Kompyuta ilipoanza kuwa nzito, baba mdogo, mdogo wake marehemu mwenye duka la simu Sirari, alikuja na kipande kipya cha memori, chembamba kama rula iliyokatwa. Mama alivuta kigoda akakaa karibu naye. Kila skrubu iliyotoka aliifuata kwa macho mpaka ilipotua kwenye kisosi. Baba mdogo alitoka jasho. Alichomoa kipande cha zamani, akapachika kipya, akafunika, akasema kuna mteja anamsubiri. Hata chai hakunywa.

Mama alipoiwasha, feni ilivuma lakini kioo kikabaki cheusi. Kisha ikaanza kulia, pii, pii, kama kifaranga aliyempoteza mama yake.

Mama alinituma nifunge mlango. Akachomoa umeme, akafungua skrubu kwa ncha ya kisu, akachungulia. Kipande cha zamani hakikuwemo, wala mezani hakikuwepo.

"Alikuja kuchukua," alisema taratibu. "Nilijua."

Nilimwamini. Nilidhani picha zilikaa kwenye kipande kile, nikamwona akilini baba mdogo dukani kwake akimtazama baba yangu peke yake.

Mama alimpigia simu. Baba mdogo alijibu kwamba cha zamani kiko kwenye boksi la kipya, juu ya kabati, na kwamba huenda kipya hakikukaa vizuri.

"Shemeji, kitoe, ukirudishe, ukandamize mpaka usikie kimebana pande zote mbili."

Mama alipanda kwanza kitini kukagua boksi. Kilikuwemo. Ndipo akakandamiza, uso umekunjamana kama anayetumwa kuharibu chake mwenyewe. Tak. Tak. Alipowasha, baba akajaa kwenye kioo, amesimama na fahali wake.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga simu tena, akamwambia shemeji yake aje Jumapili na wanawe.

Walikuja, kuku akachinjwa, na baba mdogo akapewa firigisi. Lakini kompyuta ilifunikwa shuka mpaka walipoondoka. Nilifikiri mama anaogopa vumbi.

Nilikuwa nimeshaolewa shangazi aliponisimulia. Matanga ya baba yalipoisha, wanaume wa ukoo walikuja na maneno matamu, kwamba watamsaidia mama kuchunga ng'ombe. Waliondoka na zizi zima. Baba mdogo, kijana bado, alitembea nyuma ya kundi na fimbo, akageuka mara moja kutazama nyumba. Mama alikuwa amesimama mlangoni, nami mgongoni mwake, nimelala.