Jicho la Mpiga Kinanda

Si kweli kwamba mpiga kinanda wa kanisa huwakonyeza wanakwaya. Bi Breda, mjane wa kaka yake, hakubali jina la ukoo lichafuliwe. Shemeji yake huyo aling'atwa na kupe akichuma uyoga katika msitu wa Kočevje, akampaka kupe mafuta ya nguruwe badala ya kumng'oa. Daktari alikuta chembe nyeupe za damu zimemiminika kwenye maji ya uti wa mgongo kupambana na vijidudu alivyoambukizwa na kupe huyo. Tangu hapo upande mmoja wa uso umepooza. Akipepesa, hufumba jicho moja tu. Lile jingine hulifunga kwa kidole kila ubeti ukiisha, na kwaya humsubiri.

"Afukuzwe! Jana kanikonyeza tena," alifoka Ivanka, mwimbaji.

"Ni ugonjwa, shoga," alisema Bi Breda.

"Na wewe uliyemkonyeza, unaumwa nini?"

Bi Breda alifunga mkoba wake. "Hilo sitalizungumzia."