Programu Iliyokataa Kupisha

Kompyuta nilijifunzia Bungoma, kwenye chuo kidogo chenye mashine kuukuu. Mwalimu wetu alipenda kutuonya: "Msidanganywe na hayo madirisha mengi. Mfanyakazi humo ndani ni mmoja. Kila programu inafanya kazi kidogo, halafu inaipisha nyingine kwa hiari yake. Moja ikikataa kupisha, zote zinakwama." Mimi nilikuwa nasinzia. Niliyaona ni maneno ya mtihani tu.

Mwaka uliofuata nikapata kazi Kitale, kwenye duka la kupiga chapa, na mashine ya aina ileile. Asubuhi moja akaingia mama kutoka eneo la Kwanza. Mume wake alikuwa azikwe kesho yake, naye alitaka wasifu wa marehemu. Hakuja na karatasi. Alisema, mimi nikapiga, kurasa mbili nzima. Alipofikia siku ambayo mzee, enzi za ujana wao, alimbeba mgongoni kuvuka mto Nzoia uliofurika, huku akilalamika kwamba ni mzito kushinda gunia la mahindi, mama alicheka mpaka akashika meza.

Basi mimi na ujuaji wangu! Sijahifadhi hata neno moja, nikafungua programu ya kuchora ili nimtilie maua pembeni. Ile alama ya saa ya mchanga ikatokea, ikaganda hapo. Nikabonyeza huku na huku, wapi! Maneno yake yalikuwa nyuma ya maua, nayaona kipande, siwezi kuyagusa.

"Si tungoje tu imalize," mama akasema.

Tukangoja mpaka chai yangu ikapoa. Ikabidi niizime mashine. Nilipomwambia kwamba yote yamepotea, nilitamani ardhi inimeze. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akaanza upya: mzee alizaliwa, akasoma, akaoa, ameacha watoto saba. Nusu ukurasa. Safari hii nilihifadhi kila sentensi.

"Na ule mto, mama?" nikamuuliza. "Mbona hujasema vile alikubeba?"

Akakitazama kioo cha mashine.

"Hiyo si nilishasema," akajibu. "Wewe chapa tu hiyo iko hapo, msichana wangu."

Nikachapa. Kesho yake watoto wake wakasomewa ile nusu ukurasa, na kicheko cha mama yao nikabaki nacho mimi, mtu asiyewahi hata kumwona mzee huyo.