Wanawake Saba Wenye Jina la Mama Yangu

Mimi shule niliiacha darasa la tano. Leo nina malori mawili na stoo Kyuso, na ukila ndengu, yaani choroko, kwa hoteli yoyote ya huku kwetu Kasikeu, jua zimepitia mikononi mwangu. Nimezoea kushinda. Hata hivyo, ushindi ninaowasimulia watu kuliko wote hauhusu ndengu, unahusu mashine ya serikali.

Binti yangu wa kwanza alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi Kitui. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyewahi kuitwa chuo. Kilibaki kitu kimoja tu, namba ya kitambulisho, na ilitakiwa kabla ya Ijumaa saa kumi. Ikikosekana, nafasi anapewa mwingine.

Jumatatu tukaenda ofisi ya usajili. Karani akatazama kompyuta, akamtazama binti, akarudi kwa kompyuta.

"Mzee, mfumo umemkataa. Siku hizi ni akili bandia inakagua. Inasema huyu ana kitambulisho tayari, sasa anataka cha pili."

"Cha kwanza kiko wapi?"

Akanigeuzia kompyuta. Nikaona sura ya binti wa kaka yangu.

Hapo nikajua kosa ni langu. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba. Tuko ndugu sita, kwa hivyo mabinti sita wana jina la mama yangu. Watu wengine huwatofautisha kwa jina la ubatizo. Mimi nilikataa. Nilimwambia mchungaji ampe mtoto jina la ubatizo la mama pia, kwa sababu sikutaka kumpa mama heshima nusu. Ndugu zangu hawakukubali niwapite, nao wakafanya vivyo hivyo. La mwisho sote tunatumia la baba yetu. Na binti yangu na huyo wa kaka yangu walizaliwa mwaka mmoja, kata moja, wote wana mwanya wa susu yao, yaani nyanya yao, kwenye meno ya mbele.

"Abadilishe jina," karani akasema. "Ni wiki sita hivi."

Tukiwa nje binti akaniuliza polepole, "Baba, na nikilibadilisha tu? Hata nikianza mwaka ujao?"

"Jina la mama yangu haliondoki kwa sababu ya kompyuta. Na chuo utaenda Ijumaa hii."

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, lakini sikuwa najua nitafanya nini. Nilipofika sokoni nikasikia Jumatano maafisa wa Nairobi wanakuja Kasikeu kuchukua maoni ya wananchi juu ya sheria mpya za vitambulisho vya kidijitali. Nikapiga simu sita, kwa ndugu watano na kwa mama.

Jumatano ukumbi ulijaa. Zamu yangu ilipofika afisa mkubwa, mama mmoja mwenye miwani, akasema, "Mzee, una dakika mbili."

"Ni nyingi. Moja nitakurudishia. Naomba tu usome jina lililo kwenye karatasi hii."

Akasoma majina yote matatu kwa maikrofoni.

"Niko!" Wanawake saba wakasimama, kila mmoja mahali pake.

Ukumbi ukalipuka. Mwanamke mmoja wa sokoni akapaza sauti, "Mheshimiwa, hesabu tena, huenda mwingine ako jikoni!"

Afisa naye akacheka. "Sasa wa kweli ni nani?"

"Ni mimi," mama yangu akajibu. "Hawa wengine ni mimi nikiwa bado na meno."

Kicheko kilipotulia nikawaeleza habari ya binti yangu na Ijumaa yake. Kisha nikauliza, "Vidole vyao je? Vimefanana?"

Kijana wa kompyuta aliyekuja nao akasema hapana, vidole havifanani, lakini mashine ikishaona jina, mwaka, kata na sura vimelingana, inafunga. Hakuna afisa anayefika kwa vidole.

"Kwa hivyo vidole vinasema wawili, mashine inasema mmoja, na ninyi mkaamini mashine? Hiyo ilifundishwa na mtu asiye na binamu. Andikeni hivi: mashine isimkatae mtu kabla afisa hajamwita na kumtazama."

Yule mama mwenye miwani aliandika. Akanisomea, nikamrekebisha neno moja, akaandika tena. Baadaye nilionyeshwa rasimu ya sheria hiyo, na sentensi yangu imo. Mimi wa darasa la tano.

Mchana huohuo alipiga simu ofisi ya usajili. Wasichana wote wawili wakaitwa, wakachukuliwa alama za vidole, wakatazamwa na macho ya watu. Alhamisi jioni namba ikatoka.

Ijumaa saa nane tulikuwa Kitui, mbele ya dirisha la chuo. Binti akasoma namba, karani wa chuo akaiandika. Kompyuta ikachelewa kujibu. Binti alinishika mkono kwa nguvu kama wakati alipokuwa mdogo.

"Imekubali," karani akasema. "Karibu, mwanafunzi. Pita mlango wa kushoto uchukue sare."

Akaniachia mkono, akaingia bila kugeuka. Nikawageukia wazazi wote waliokuwa kwenye foleni, niliowajua na nisiowajua.

"Huyo anayeingia," nikawaambia, "ni wangu."