Blanketi la Dirisha la Magharibi

Shangazi yangu Bertilla hakuipenda sinema, na kila Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika. Alichokifuata pale ni blanketi lake.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala kuukuu la mtaa wa Majengo, Sumbawanga, alilolikodi Bashiri mwenye lori. Madirisha yake yalikuwa matundu matupu. Mbao za kuyafungia ziliombewa kibali, na kibali kilikuwa bado kinazunguka maofisini. Picha ya watoto ilianza saa tisa alasiri, jua likiwa kali, kwa hiyo Bashiri aliazima mablanketi ya watu akazibia madirisha. Nyumba iliyotoa blanketi, watoto wake waliingia bure. "Hili ni giza la ujamaa," alikuwa akijisifu. Giza lile lilinuka moshi, samli na mikojo ya wadogo zetu, nami nililipenda kuliko ubani wa kanisani, Mungu anisamehe.

Dirisha lenye kesi lilikuwa la magharibi, lililotazamana na ukuta wa picha. Jua lilipenya kila blanketi lililotundikwa pale, isipokuwa la shangazi. Hilo lilikuwa zito, la kijivu, lenye mstari mwekundu. Marehemu mumewe, Wilibrodi, alirudi nalo kutoka migodi ya shaba ya Zambia. Mshahara wote aliunywa njiani. Blanketi lilipona kwa kuwa alikuwa amejifunika. Baadaye Dominiko, mtoto wao wa pekee, naye akaenda huko huko migodini, na hakurudi. Shangazi alikubali kuliazimisha kwa sharti moja: likitoka nyumbani, naye atoke nalo. Basi akawa anakaa juu ya gunia chini ya dirisha, picha kaipa mgongo, analilinda blanketi asije mtu akalikata kipande.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, majira ya kipupwe, ililetwa picha ya Kihindi, ya kijana aliyepotezana na mama yake tangu utotoni. Jumatatu ingerudishwa Mbeya, na Bashiri alisema haiji tena. Tulilia tangu mwanzo. Sasa stelingi, ndiye kijana mwenyewe, anapanda ngazi kwenda chumba alicholala mama yake mgonjwa, shangazi akashikwa na baridi. Akainuka, akalitungua blanketi, akajitanda.

Jua likaimeza picha. Stelingi akapotelea ngazini, tukabaki na ukuta na nyufa zake.

Bashiri akaja mbio. "Shikamoo shangazi. Tafadhali, turudishie giza."

"Marahaba. Blanketi langu, na baridi yangu. Wewe una picha yako, si uendelee nayo?"

Bashiri akamvulia koti lake. Shangazi akalipapasa, akamrudishia. "Hili ni la watu wa Dar es Salaam, mwanangu."

Nilikuwa na hasira ya kweli. "Shangazi, bado hajaonana na mama yake," nikamwambia huku nalia.

"Nani hajaonana na mama yake?"

"Huyo wa kwenye picha. Tangu mdogo."

Akageuka, kwa mara ya kwanza, kuutazama ule ukuta. Hakukuwa na cha kuona. "Nitaziba," akasema. "Lakini sivui."

Tukapanga magunia, tukampandisha dirishani. Akatanua mikono ndani ya blanketi kama kuku mwenye vifaranga, na giza likarudi. Safari hii hakuwa na pengine pa kupeleka macho.

Halafu akaanza kumwelekeza stelingi. "Siyo mlango huo, baba. Huo mwingine." Stelingi akatii. Mlango ukafunguka, mama mgonjwa akainua kichwa kutoka kwenye mto, akafumbua mdomo, na shangazi akapiga makofi.

Nani alimtuma apige makofi? Viganja vilipokutana, blanketi lilifuata, na jua lote likaingia. Alipotanua mikono tena, mkanda ulikuwa umekwisha, mashine inazungusha hewa. Ningeweza kumng'ata.

"Mnalia nini?" akatuuliza kutoka kule juu. "Mama kamtambua. Kwa kovu la shavuni."

"Umeonaje, shangazi, na picha imefutika?"

"Aliyesimama juu ni nani, mimi au wewe?"

Tukamwamini, maana hatukuwa na mwingine wa kumwamini. Kadiri miaka ilivyopita, kisa kikawa kinanenepa: kijana kamjengea mama nyumba ya bati, kamnunulia na blanketi.

Picha ile niliiona tena nikiwa mtu mzima, Mbeya, kwenye ukumbi wenye mapazia. Yule mama alifumbua mdomo kutafuta pumzi. Akakata roho bila kujua ni nani aliyeingia.

Nilipokwenda Sumbawanga likizo nilimkuta shangazi kazeeka, yuko kitandani chini ya blanketi lile lile, mstari mwekundu umefifia. Nikaropoka kwamba picha yetu nimeiona mpaka mwisho.

Katika miaka yote ile ya kutusimulia, hakuwahi kutuuliza lolote. Sasa akauliza, polepole, "Ehe. Alimtambua?"

"Alimtambua, shangazi. Kwa kovu."

"Si niliwaambia," akasema, akalivuta blanketi hadi kidevuni.